Zaituni na Geti la Nyuma

Zaituni Bakhit hakupenda mpira, ingawa nusu ya maisha yake aliimaliza kwenye mageti ya viwanja vya mpira. Kazi yake ilikuwa kukagua wanawake: mikoba, mitandio, mifuko ya karanga. Alikuwa mtu wa Mpumudde, Jinja, Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza. Nyumbani walisema Kinubi, barabarani Kiswahili. Getini, Kiswahili hicho kilikuwa rungu lake. Akisema "Simama hapo!" hata wanaume wenye vifua vipana walisimama, na yeye hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwenzake getini alikuwa Nangobi, Msoga wa Masese hapohapo Jinja, mwembamba, mwingi wa utani, ambaye aliwatuliza watu kwa Lusoga baada ya Zaituni kuwatisha. Walikuwa wamegawana kazi hivyo bila kupanga. Bosi wao, bwana Isiko, alikuwa na kampuni ndogo ya kulinda mechi na sherehe, na aliwapenda wote wawili kwa sababu hawakuwa wakichelewa.

Siku iliyowatenganisha ilikuwa Jumamosi ya fainali. Uwanja ulijaa mapema. Geti la nyuma Isiko alikuwa amelifunga kwa kufuli, kama alivyozoea, ili watu wasipenye bila tiketi, kwa hiyo kila aingiaye na kila atokaye alipita kwa Zaituni na Nangobi. Kipindi cha pili kilipokuwa kinaendelea, mvua ikashuka kutoka ziwani kwa ghafla, ile ya matone makubwa. Waliokuwa wamekaa sehemu ya wazi wakakimbilia nje. Waliobaki nje bila tiketi wakaona nafasi ya kuingia wajifiche chini ya jukwaa. Pande zote mbili zikakutana kwenye geti moja.

Zaituni alipaza sauti yake ya rungu. "Rudi nyuma! Rudi nyuma wote!"

Waliomsikia walikuwa wa mbele, na wa mbele ndio hawakuwa na pa kurudi. Wa nyuma walisikia mwanamke akipiga kelele kwa Kiswahili, wakadhani askari wameanza kupiga watu, wakasukuma zaidi. Redioni Isiko alikuwa akirudia neno moja tu: "Shikilia! Shikilia!" Zaituni aliitupa redio chini, akavuta komeo. Geti halikusogea. Lilikuwa la kufungukia ndani, na ndani palikuwa pamejaa watu.

Alimwona Nangobi amebanwa kwenye vyuma, uso umegeukia upande wake. Hakuwa anapiga kelele. Macho yalikuwa wazi, kilemba kimemteleza. Zaituni alimwita kwa jina, akamwita tena. Watu walipolegea hatimaye, baada ya vijana kuvunja sehemu ya ukuta, Nangobi aliteleza chini taratibu, kama nguo inayoanguka kwenye kamba.

Hospitalini, muuguzi aliyempokea Nangobi alimwambia Zaituni jambo ambalo halikumtoka tena kichwani. "Hakukanyagwa, dada. Amekufa akiwa amesimama. Kifua kilikosa nafasi ya kuvuta hewa."

"Mtu anakufaje amesimama?"

"Kwenye msongamano ndivyo wengi wanavyokufa," muuguzi alisema. "Watu hawajui tu."

Siku chache baada ya mazishi, Isiko alimchukua Zaituni kwenda naye redioni, kwenye kipindi cha asubuhi ambacho mji mzima husikiliza. Njiani alimweleza la kusema: watu walikuwa wamelewa, hawana nidhamu, na marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Aliyasema kwa upole, huku akimwendesha kwenye gari lake mwenyewe, akamwahidi usimamizi wa walinzi wote wa kike.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Isiko alizungumza kwanza, kwa utaratibu mzuri. Kisha mtangazaji akamgeukia Zaituni. "Na wewe nyabo, ulikuwepo. Uliona nini?"

Zaituni alivuta kipaza sauti karibu. "Geti la nyuma lilikuwa na kufuli," alisema. "Ufunguo alikuwa nao bwana huyu hapa. Nangobi hakuwa mgonjwa. Watu hawakuwa wamelewa, walikuwa wananyeshewa."

Mtangazaji aliweka muziki haraka. Nje, kwenye ngazi, Isiko alimzibia njia.

"Nimekulisha miaka yote, Zaituni."

"Nimefanya kazi miaka yote, bwana Isiko. Kulishwa ni kitu kingine."

Hapo ndipo kazi ilipoisha. Kampuni nyingine za Jinja nazo zilimfungia milango, maana hakuna anayetaka mlinzi ambaye hupelekwa redioni akasema anachotaka. Alianza kukaanga samaki kando ya barabara ya Mpumudde pamoja na binti yake. Wapita njia walimwita shujaa, wakanunua samaki, wakaenda zao. Uchunguzi ulioahidiwa ulianza ukaishia njiani, na Isiko akaendelea na mikataba yake. Jambo hilo lilimkera Zaituni kuliko kukosa kazi. Lakini lililomnyima raha zaidi lilikuwa swali lake mwenyewe. Alivuta komeo, kwa nini geti halikufunguka? Alipiga kelele, kwa nini watu walisukuma zaidi? Hakutaka kuambiwa ni mapenzi ya Mungu. Alimwamini Mungu, ila kufuli lilifungwa na mtu.

Aliuliza simu yake. Aliandika kwa Kiswahili hakupata kitu, akaandika kwa Kiingereza chake cha shule ya msingi, na baada ya kuhangaika sana akaangukia mtandao wa kimataifa wa watu wanaofanya kazi ya usalama wa mikusanyiko: wasimamizi wa viwanja, wahandisi, zimamoto, walinzi kama yeye. Walikuwa na masomo mafupi ya bure, video, na mkutano wa mtandaoni kila mwezi ambapo watu walisimuliana yaliyowapata. Zaituni alitazama video moja ya picha za kuchora, inayoonyesha jinsi umati ukishabanana unavyoanza kuyumba kama maji kwenye beseni, na jinsi mtu wa nyuma asivyoweza kujua kinachompata mtu wa mbele. Aliirudia mpaka samaki wakaungua.

Katika orodha ya wanachama, kati ya majina ya nchi za mbali, aliona moja la karibu: Gidudu, zimamoto mstaafu, Mbale. Akampigia.

"Afande, mimi ni mtu wa geti huko Jinja. Nataka kujifunza hii kitu."

"Umesoma mpaka wapi?" aliuliza Gidudu.

"Nimesoma mpaka mwenzangu akafa."

"Njoo nyumbani kwangu Malukhu, hapa Mbale, mama," alisema Gidudu.

Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwenye kupenda mambo yaende kwa mpangilio. Sebule yake ya Malukhu ilijaa vitabu vya kazi, na alimfundisha Zaituni bila kumficha kitu. Alimwonyesha kwa nini geti lazima lifungukie nje, kwa nini njia za kutoka huhesabiwa kabla ya tiketi kuuzwa, na kwa nini anayeongea na umati huanzia nyuma, wala si mbele. Siku nyingine alichora mraba kwa chaki uani, akawaita majirani wasimame ndani yake mmoja mmoja, mpaka wakaanza kucheka, mpaka wakaacha kucheka kwa sababu mikono ilikuwa haiinuki tena. "Hapa," alisema Gidudu, "hata polisi wote wa Uganda hawawezi kukusaidia. Kazi inafanyika kabla ya hapa."

Walipishana katika jambo moja. Zaituni alitaka masomo hayo yawafikie walinzi wote wa Jinja na Mbale. Gidudu alitaka yabaki kwa Kiingereza, watu wafanye mtihani, wapate cheti kinachotambulika.

"Cheti ni kizuri, Afande. Lakini mimi nilikuwa getini na watu wa Jinja. Msoga hasikii Lumasaba ya huku Mbale, Mgisu wa huku hasikii Lusoga, na Kiingereza tunacho kidogo kidogo tu. Kiswahili tunakielewa wote, hata tukikivunja."

"Watu huku hawakipendi, mama. Unajua sababu: ni lugha ya askari."

"Naijua. Tuanze tu, watatukana baadaye."

Walianzisha kundi la wasapu. Gidudu alichambua somo moja la mtandao kila wiki, na Zaituni akalieleza kwa sauti yake, kwa Kiswahili, akitumia mifano ya soko, ya kituo cha magari, ya foleni ya maji. Walinzi wakaingia mmoja mmoja. Akaingia Asadu, fundi wa kuchomelea vyuma wa Malukhu aliyekuwa akitengeneza mageti na siku za tamasha akiyalinda. Halafu, bila kutarajiwa, akaingia Naigaga, dada mkubwa wa Nangobi, mchuuzi wa samaki wa Masese.

Naigaga alisikiliza kwa wiki kadhaa bila kusema. Kisha akatuma ujumbe wa sauti ambao kila mtu aliusikia.

"Mimi nasema kitu moja. Hii Kiswahili mimi nachukia. Askari walikuja kwetu na hii Kiswahili, wakaambia baba yetu panda gari, na yeye hakurudi. Nangobi alikuwa kwa mgongo wa mama. Sasa nyinyi nafundisha watu kwa hii maneno?"

Zaituni alipanda boda hadi Masese mchana uleule, akamkuta Naigaga akianika mukene kwenye jua, wale dagaa wadogo wa ziwa.

"Sikuja kubishana, dada," alisema.

"Basi kaa. Geuza hizi."

Wakageuza dagaa. Baadaye Zaituni akasema, "Babu yangu alikuwa askari. Si wa miaka ile, wa zamani zaidi, lakini askari. Mimi sauti hii niliirithi. Siku ile niliitumia, na watu walisukumana kana kwamba nina bunduki. Najifunza kuongea upya. Nikikosea, unikosoe mbele ya wote."

Naigaga hakusema kama amesamehe au hapana. Alisema, "Mimi nitaongea Lusoga. Anayetaka kusikia, asikie." Na tangu hapo alituma masomo yake kwa Lusoga, watu wakamjibu kwa Kiswahili, na Wagisu wakauliza kwa Lumasaba. Kundi likawa na kelele kama stendi, na likakua.

Ndipo ikaja kazi ya Mbale. Tamasha kubwa la muziki, la mchana, kwenye uwanja wa mtu binafsi. Gidudu aliombwa atafute watu wa mageti, akaleta watu wa kundi, na Zaituni akawekwa kuwaongoza. Asubuhi ya tamasha, alipokuwa akikagua uwanja, alikuta geti la nyuma limefungwa mnyororo mnene. Akauliza ni nani. Akajibiwa: mshirika mmoja wa waandaaji kutoka Jinja, bwana Isiko.

Isiko alikuwa kando ya jukwaa, akinywa chai. Hakuonekana kushangaa.

"Mnyororo utabaki," alisema. "Nikiufungua, nusu ya mji itaingia bure."

"Basi geti la mbele halitafunguliwa."

"Wewe ni nani wa kusema hivyo?"

"Mimi ni mtu wa geti. Ukitaka mwingine, mtafute sasa hivi, watu hawajajaa."

Isiko aliwapigia simu waandaaji wengine, naye Zaituni akawasikia wakiuliza, wakisitasita, wakisema wamalizane wenyewe. Isiko akasema ufunguo ameuacha Jinja.

Gidudu alimvuta Zaituni pembeni. Alikuwa na wasiwasi, na aliusema waziwazi. "Mama, sikiliza. Kugoma ni haki yako. Lakini watu wameanza kufika. Ukiondoa walinzi sasa, umewaacha hawa peke yao na geti moja. Yakitokea, yatakuwa mikononi mwako."

"Siondoki, Afande. Na watu wangu hawaondoki. Nasema hatufungui."

"Watakasirika."

"Ndiyo. Kwa hiyo tuwaambie mapema, tuanzie nyuma."

Aliwagawa walinzi. Baadhi aliwapeleka mbali barabarani, mahali foleni ilipokuwa inaanzia, wawaambie wanaofika wasisogee. Naigaga, aliyekuja na basi la alfajiri kutoka Jinja, alichukua upande wa kushoto. Zaituni mwenyewe alipanda juu ya kreti la soda na kipaza sauti cha mkononi. Maneno ya kwanza yaliyomjia mdomoni yalikuwa yale ya zamani, "Rudi nyuma," akayameza.

"Jamani, habari za asubuhi," alisema. Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusalimiwa na mlinzi. "Mimi naitwa Zaituni. Geti la nyuma limefungwa mnyororo. Likiwa limefungwa, mvua ikija au moto ukija, nyinyi hamna pa kutokea. Kwa hiyo sitafungua hili la mbele mpaka lile lifunguliwe. Tamasha litakuwepo. Tiketi yenu ni nzima. Naomba mkae chini kwenye majani, mwenye mtoto akae pembeni. Nitawaambia kila kinachotokea."

Kijana mmoja akapiga kelele, "Mwongo huyu! Tufungulie!" Mwingine akamjibu, "Yeye anasema kweli, mimi nilipita kule, kuna mnyororo." Mwanamke mnene akatandika leso yake, akakaa. Waliokuwa karibu naye wakakaa. Naigaga alikuwa akisema yaleyale kwa Lusoga, na mlinzi mwingine kwa Lumasaba, hadi umati mzima ukawa umekaa kwenye majani kando ya barabara kama watu waliokuja kwenye mkutano wa kijiji. Kisha wakaanza, wao wenyewe, kupiga makofi kwa mpigo mmoja na kuita jina la Isiko.

Isiko alikuja na ofisa wa polisi. "Mkamate huyu. Anachochea watu."

Ofisa alitazama umati uliokaa. "Wanachochewa kufanya nini, bwana? Wamekaa."

"Afande," Zaituni alisema, akishuka kwenye kreti, "twende wewe na mimi tukaone mnyororo. Ukisema ni sawa kwa watu wote hawa, weka jina lako, mimi nafungua."

Walikwenda. Ofisa aliushika mnyororo, akautikisa, akautazama ukuta uliozunguka uwanja bila njia nyingine ya kutokea. Hakusema kwamba si sawa. Alisema tu, "Mimi sina ufunguo."

Zaituni akageuka. "Asadu. Grinda unayo?"

"Iko kwa pikipiki, mama."

"Afande, mimi ndiye ninayetuma. Jina langu unalo."

Cheche ziliruka kwenye ukuta. Isiko alipiga kelele kuhusu mali ya watu na sheria, na Asadu akaendelea kukata kama anayekata nondo za dirisha. Mnyororo ulipoanguka, Zaituni alilisukuma geti mwenyewe. Lilifungukia nje. Akaliegemeza kwa jiwe, akaweka walinzi wawili hapo, akarudi mbele kuwaambia watu waanze kuinuka, mstari wa mbele kwanza, polepole.

Tamasha lilikwisha jua likiwa bado lipo. Mvua ilinyesha kidogo. Watu wengine walitoka nyuma, wengine mbele, wakila mahindi. Watu wakibaki hai, gazeti halina cha kuandika, na halikuandika.

Polisi walimchukua Zaituni jioni hiyo kwa malalamiko ya Isiko, kuharibu mali. Ofisa yuleyule alimwambia, karibu kwa kumsihi, "Omba msamaha tu, mama, uende nyumbani."

"Nani niombe? Mnyororo?"

Alilala kituoni. Asubuhi uani palikuwa na watu wa kundi kutoka Jinja na Mbale, wamevaa fulana zao za riflekta, wamekaa chini kwa utulivu ambao polisi hawakujua wafanye nao nini. Naigaga alikuwa ameleta chai kwenye chupa. Gidudu alifika na mwenye uwanja, naye mwenye uwanja akasema hakumruhusu mtu yeyote kufunga mnyororo kwenye geti lake, na kwamba kama kuna wa kulalamika ni yeye, na halalamiki. Zaituni akaachiwa mchana. Alipotoka, Naigaga alimmiminia chai na kusema kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza bila kununa, "Kunywa. Iko na sukari mingi."

Isiko hakufungwa. Anaendelea na biashara mpaka leo. Lakini akipata kazi Jinja au Mbale hufungua mageti yote, kwa sababu akifunga hata moja hapati mtu wa kusimama kwenye yaliyobaki. Walinzi huulizana kwanza kwenye kundi. Wengine wamekwishakosa vibarua kwa kukataa, na wanalalamika, na wanaendelea kukataa. Naigaga bado huenda kuulizia uchunguzi wa kifo cha mdogo wake. Bado anaambiwa arudi wiki ijayo, na anarudi.

Mwaka huu ule mtandao wa kimataifa ulimwalika Zaituni azungumze kwenye mkutano wake wa mwezi. Alikaa sebuleni kwa Gidudu mbele ya kompyuta, mtandio mpya kichwani. Yeye alisema kwa Kiswahili, Gidudu akafasiri. Alisimulia mvua, kufuli, mraba wa chaki, kreti la soda. Nyuso ndogondogo za watu wa nchi nyingi zilimsikiliza bila kutikisika. Mwisho, mwanaume mmoja mwenye ndevu aliuliza: mwandaaji akikataa kabisa kurekebisha, wao hufanya nini?

"Mimi pia nakataa," alisema Zaituni. "Hatufungui. Atufukuze."

Gidudu alifasiri. Ilikuwa sentensi ndefu, laini, na yule mwenye ndevu akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Zaituni alikunja uso. Kiingereza chake kilikuwa kimekua.

"Afande, hapo umesema tunajaribu kuelewana naye."

"Nimeweka adabu kidogo tu, mama."

"Itoe hiyo adabu. Nimesema nakataa. Waambie hivyo hivyo."

Gidudu alikohoa, akaisogelea kompyuta, akasema tena, safari hii bila ile adabu.